Rosa Mistika: nani aliyemkosea binti wa Zakaria?

Mwezi uliopita, baada ya kipindi chetu cha vitabu cha jioni, tulipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja anayetusikiliza. Tumemwomba ruhusa ya kuutumia bila kutaja jina lake wala kijiji chake. Aliandika hivi:

"Dada mtangazaji, habari za kazi. Binti yangu yuko kidato cha tano, amerudi likizo na kitabu kinaitwa Rosa Mistika. Baba yake kasoma kurasa mbili tatu, kakichukua, kakifungia kabatini. Anasema ni kitabu cha matusi, hataki kukiona mikononi mwa mtoto. Binti analia maana amekiazima kwa mwalimu na anatakiwa kuandika insha juu yake. Mimi sikusoma sana. Hicho kitabu kina nini?"

Swali hilo linastahili jibu refu kuliko lile tunaloweza kutoa hewani kati ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Ndiyo maana tumeliandika hapa, ili mama huyo alisome kwa nafasi yake, binti yake alisome, na baba pia akipenda. Wanafunzi mnaojiandaa na mtihani wa fasihi nanyi mtapata cha kuondoka nacho.

Kitabu na mwandishi wake

Rosa Mistika ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye akaenda Marekani alikopata shahada ya uzamivu, akafundisha Dar es Salaam na kisha Botswana. Alifariki Januari 2020. Aliandika riwaya nyingine zikiwemo Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka, pamoja na mashairi yaliyozua ubishi mkubwa kwa sababu hayakufuata vina na mizani.

Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Mwandishi alikuwa bado kijana asiyefikisha miaka thelathini. Hadithi yenyewe inaanzia hukohuko kwao Namagondo, kwa hiyo ukisoma habari za kisiwa, za kuvuka maji kwenda Mwanza, za mashamba na pombe za kienyeji, unamsoma mtu aliyekuwa akiandika kuhusu watu anaowafahamu.

Jina la kitabu lina maana yake. Rosa ni waridi. Rosa Mistika ni jina la heshima ambalo Wakatoliki humpa Bikira Maria, yaani waridi la fumbo. Mwandishi amempa jina hilo msichana ambaye jamii nzima itakuja kusema si safi. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, jalada lenyewe limeshakuuliza swali.

Hadithi kwa ufupi

Zakaria ni baba mlevi. Nyumbani kwake anatawala kwa sauti na kwa fimbo. Mkewe, Regina, ndiye anayehangaika ili watoto wale na wasome, na yeye mwenyewe hapigwi mara moja wala mbili. Rosa ni binti yao mkubwa, nyuma yake wako wadogo zake wanaomtazama yeye.

Zakaria ana jambo moja analolichukulia kwa uzito kuliko yote: binti yake asionekane na mvulana. Siku anapogundua kuwa Rosa ameandikiwa barua na kijana aitwaye Charles, barua yenye fedha ndani, anampiga vibaya. Tangu hapo Rosa anajifunza kwamba mvulana ni hatari. Kwa nini ni hatari, hatari yenyewe ikoje, na msichana afanye nini akikutana nayo, hakuna anayemwambia.

Rosa ana akili darasani. Anafaulu na kwenda Mwanza katika shule ya bweni ya wasichana inayosimamiwa na masista. Baadaye anaingia chuo cha ualimu Morogoro. Yuko mbali na fimbo ya baba, lakini pia yuko mbali na mtu yeyote wa kumshauri. Anakutana na Deogratias, mwanamume mwenye kazi na cheo, ambaye anamdanganya na kumwacha. Kutoka hapo anateleza hatua baada ya hatua. Wanaume wanabadilika, mimba zinatolewa, na chuoni hata mkuu wa chuo, mtu aliyepewa dhamana ya kuwalea wanachuo, ni mmoja wa wanaomtumia.

Mwishowe Charles, yule wa barua ya zamani, anarudi katika maisha yake na wanataka kuoana. Rosa anatamani kuanza upya. Lakini Charles anataka mke bikira. Anapojua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Kitabu hakiishii kaburini. Mwandishi anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja na utetezi wake. Kinachotokea huko sitakisimulia, maana ndipo mahali ambapo msomaji anatakiwa kuketi mwenyewe na kufikiri.

Mahali ambapo wanafunzi wengi wanakosea

Nakumbuka insha yangu mwenyewe nilipokuwa shuleni. Swali liliuliza, kwa maneno yake, ni nini kilichomwangusha Rosa. Niliandika tamaa ya fedha, makundi mabaya, kutosikiliza wazazi na kupenda starehe. Nikapata alama nzuri tu. Niliporudi nyumbani likizo nikamsimulia shangazi yangu hadithi ile jikoni, tukichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Sasa huyo baba yeye mmemwandika wapi?"

Sikuwa nimemwandika popote. Zakaria alikuwa kwenye insha yangu kama mandhari, kama vile ziwa au shamba. Kurasa nzima nilikuwa nimemhukumu mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote katika kesi.

Hilo ndilo kosa ninalolisikia hadi leo wanafunzi wanapopiga simu kwenye kipindi. Wanajibu kana kwamba kitabu kimeandikwa kuwaonya wasichana. Onyo limo, hakuna anayelikataa. Lakini ukihesabu nani ameonywa ndani ya riwaya hii, utakuta wasichana ni wachache. Wengi ni watu wazima.

Tuwachukue mmoja mmoja

Njia rahisi ya kuisoma riwaya ya familia yenye matatizo ni kuchukua karatasi, ukaandika jina la kila mtu mzima aliyemzunguka mtoto, kisha ukajiuliza mambo matatu: alikuwa na uwezo gani, alijua nini, na alifanya nini. Tujaribu.

Zakaria alikuwa na uwezo wote nyumbani. Alijua dunia ina wanaume wa namna gani, maana yeye ni mmoja wao na vilabuni huwasikia wakizungumza. Alichofanya ni kupiga. Hata ulevi wake ni sehemu ya malezi, kwa sababu Rosa alijifunza kutoka kwake mwanamume ni mtu wa namna gani. Mtoto anayemwona baba akimpiga mama kila siku, atamtambuaje mwanamume mwema atakapokutana naye?

Regina alikuwa na upendo na bidii. Uwezo hakuwa nao. Baadhi ya wanafunzi humlaumu kwa kunyamaza, na katika uchambuzi mnaruhusiwa kumlaumu, lakini angalieni kwanza. Mama anayeogopa kipigo chake mwenyewe anamfundishaje binti kutoogopa? Ukimya wa Regina haukuwa uzembe. Hata hivyo, ukimya huo ulimgharimu Rosa, maana mambo ambayo mama angemwambia binti alikuja kuambiwa na watu wasiomtakia mema.

Masista wa shuleni walikuwa na sheria na geti. Walimlinda Rosa alipokuwa ndani ya geti. Ulinzi wa geti huisha pale geti linapofunguliwa.

Deogratias alikuwa na umri, kazi na fedha. Alijua anachokifanya. Mkuu wa chuo alikuwa na kalamu inayoweza kumfaulisha mwanachuo au kumfelisha. Hawa wawili ndio ambao insha nyingi huwapita haraka, na kitabu kinatuonyesha vizuri kwa nini: hata ndani ya hadithi jamii haiwaulizi. Wanaendelea na kazi zao. Aliyepoteza jina ni Rosa.

Charles ndiye mhusika anayewagawa wasomaji. Hakumpiga Rosa, na si mlevi. Alimpenda. Lakini kipimo alichomwekea Rosa hakujiwekea mwenyewe. Aliposikia yaliyompata Rosa hakuuliza nani alimfanyia, wala aliumia kiasi gani. Alichouliza ni kimoja tu. Hapo Charles anasimama upande mmoja na Zakaria, ingawa mmoja ni msomi na mwingine ni mlevi: wote wawili wanaipima thamani ya msichana kwa jambo moja la mwili wake.

Na Rosa mwenyewe? Naye aingie kwenye orodha. Alifanya maamuzi, mengine akijua ni mabaya, na mwandishi hamfichi. Tukimwondolea Rosa lawama yote tunamfanya kijinga, mtu asiye na akili yake. Uzuri wa kitabu uko hapa: Rosa ana makosa, na bado tunaona hakustahili kilichompata.

Hofu si malezi

Wachambuzi wa fasihi huzungumzia dhamira kuu. Mimi nikilazimishwa kuitaja ya riwaya hii kwa sentensi moja, nitasema hivi: mtoto aliyefundishwa kuogopa peke yake hajafundishwa kuchagua.

Tazama jinsi mwandishi anavyoijenga hoja hiyo. Nyumbani Rosa anaepuka wavulana kwa sababu ya baba. Shuleni anawaepuka kwa sababu ya masista. Mahali pote pawili sababu iko nje yake. Anapofika mahali ambapo hakuna baba wala sista, ndani yake hakuna kitu kilichobaki cha kumshikilia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukipanda. Si kwamba alipewa uhuru mwingi mno. Alipewa uhuru siku moja, bila kuonjeshwa kidogo kidogo akiwa na mtu wa kumwelekeza.

Jambo hili wafugaji wanalielewa. Ndama uliyemfunga kamba tangu azaliwe, siku ukiikata kamba, hakimbilii majani. Anakimbia tu.

Leo barua ya Charles haiji tena kwa mkono wa mtoto wa jirani. Inakuja kwenye simu, saa nne ya usiku, na fedha zinatumwa kwa mtandao. Baba akikuta ujumbe, simu inavunjwa ukutani au inafungiwa kabatini kama kilivyofungiwa kitabu cha binti wa msikilizaji wetu. Kinachofuata nakisikia kwa wasichana wenyewe wanapotuandikia: anapata laini nyingine, anaificha kwa rafiki, na safari hii akitishiwa na mtu huko mtandaoni hana wa kumwambia, kwa sababu akisema ataulizwa kwanza simu ameitoa wapi. Kipigo hakikuzuia barua. Kilichozuiwa ni mtoto kuja kwa mzazi barua inapogeuka kuwa tatizo.

Kwa nini kitabu kiliwaudhi watu

Baba wa msikilizaji wetu si wa kwanza kukifungia kitabu hiki. Kilipotoka, kilizua kelele, na kwa muda kilizuiwa kutumika shuleni. Wakati ule riwaya za Kiswahili hazikuwa na mazoea ya kuzungumzia waziwazi mwili, mapenzi ya wanafunzi, utoaji mimba na watu wenye vyeo wanaowatumia mabinti. Mwandishi alizungumza hayo kwa lugha nyepesi ambayo kila mtu angeielewa. Hakujificha nyuma ya mafumbo. Baadaye kilikubaliwa, kikasomwa na kufundishwa, na leo kinahesabiwa miongoni mwa riwaya zilizobadilisha njia ya fasihi ya Kiswahili. Kimeshatafsiriwa pia kwa Kiingereza.

Je, kina sehemu zinazomfanya mzazi aone haya? Ndiyo, zipo. Lakini mzazi ajiulize sehemu hizo zinamvutia mtoto kwenda wapi. Hakuna ukurasa katika kitabu hiki unaomfanya msomaji amwonee Rosa wivu. Kila starehe anayoipata inakuja na bili yake, na mwandishi anatuonyesha bili mpaka senti ya mwisho. Mtoto aliye kidato cha tano ameshayasikia mambo hayo bwenini, tena yakisimuliwa kwa kicheko. Hapa anayasoma yakisimuliwa na mtu anayelia.

Rosa na Maimuna

Mwanafunzi anayetaka kuonyesha kuwa amesoma zaidi ya kitabu kimoja anaweza kumweka Rosa karibu na Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar iliyotoka mwaka 1980. Familia ni tofauti kabisa. Zakaria ni maskini wa kijijini. Maksuudi, baba yake Maimuna, ni tajiri mwenye jina katika siasa. Lakini matendo yao yanafanana. Maksuudi naye anawatesa wanawake wa nyumba yake na kumfungia binti ndani asiione dunia. Maimuna naye mlango unapofunguka anatoka na kuangukia mikononi mwa watu wa kumtumia, katika nyumba ya Bi Kirembwe, kwenye ulevi na umalaya.

Tofauti iko mwishoni. Maimuna anapata watu wa kumshika mkono, anaanza upya na kuolewa na mtu anayeyajua yaliyopita. Rosa anafika mlango wa mwisho na kukuta umefungwa. Ukilinganisha vitabu hivi viwili, swali linajitokeza lenyewe: kati ya msichana aliyeanguka akainuka na yule aliyeanguka akafa, tofauti ilikuwa kwao wenyewe au kwa waliowapokea? Hiyo ni hoja ya insha nzuri, na ni hoja ya kuzungumza mezani pia.

Tangu 1971 mpaka leo

Mwaka uleule riwaya hii ilipotoka, Tanzania ilipitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa kuwa na miaka 18. Kwa maneno mengine, sheria nayo ilimwona binti kwa namna moja na kaka yake kwa namna nyingine. Ilichukua miaka mingi kupinga jambo hilo mahakamani. Katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo.

Mambo mengine pia yamesogea. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni. Kwa miaka mingi kabla ya hapo mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa masomo, na hofu hiyo ni sehemu ya kinachowasukuma wasichana wa hadithi hii kwenye utoaji mimba wa kificho.

Yule mkuu wa chuo naye leo angekuwa na jina kisheria. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inataja rushwa ya ngono kuwa kosa: mwenye mamlaka anayedai mwili wa mtu ili atoe alama, ajira au huduma anatenda kosa la rushwa, na linaweza kuripotiwa TAKUKURU kwa namba 113 bila malipo.

Ninayataja haya kwa sababu mwanafunzi mara nyingi huulizwa kama riwaya bado ina umuhimu kwa jamii ya sasa. Jibu zuri halisemi tu kwamba "mambo haya bado yapo". Linaonyesha nini kimebadilika na nini hakijabadilika. Sheria zimebadilika sana. Kile alichokifanya Charles hakuna sheria inayokigusa, na bado kinafanyika.

Ukikutana na swali la mtihani

Kwa wanafunzi, haya ni mambo machache ya kuzingatia.

Kwanza, soma kitabu chenyewe kabla ya kusoma uchambuzi. Vijitabu vya maswali na majibu vinakupa orodha ya dhamira, lakini havikupi tukio, na hoja bila tukio kutoka kitabuni ni maneno matupu. Ukisema "malezi mabaya", lazima useme ni siku gani, nani alifanya nini, na matokeo yake yalionekana wapi.

Pili, tenganisha migogoro. Uko mgogoro wa familia, kati ya Zakaria na mkewe, na kati ya Zakaria na Rosa. Uko mgogoro wa jamii, kati ya kile inachodai kwa wasichana na kile inachowavumilia wanaume. Na uko mgogoro wa nafsi, ndani ya Rosa mwenyewe, anayejua anakoelekea na haoni njia ya kurudi. Wengi hutaja wa kwanza na kusahau wa tatu, wakati huo ndio unaoubeba mwisho wa hadithi.

Tatu, usiiache fani. Mandhari ina kazi: Namagondo, Mwanza, Morogoro. Kila Rosa anapohama anasogea mbali zaidi na nyumbani na anakuwa peke yake zaidi. Jina la mhusika lina kazi, kama tulivyoona. Lugha nyepesi ina kazi pia. Na ile sehemu ya mwisho ya mbele ya Mungu usiipite kama nyongeza. Jiulize kwa nini mwandishi hakuridhika na hukumu ya wanakijiji mpaka akaihamishia kesi kwenye mahakama nyingine.

Nne, ukiulizwa nani wa kulaumiwa, usitafute mmoja. Gawa lawama kwa kipimo cha uwezo. Mwenye uwezo mkubwa zaidi abebe zaidi, na onyesha kwa matukio. Mtahini ataona umefikiri.

Kwa mzazi

Mama uliyetuandikia, kitabu hicho kina matusi kidogo na uchungu mwingi. Ushauri wetu ni kwamba binti akisome, na wewe ukae karibu naye. Kama kusoma ni shida, mwambie akusomee kwa sauti jioni mkiwa mnapika. Zile sehemu za aibu atazipita mwenyewe haraka, usiwe na wasiwasi. Mkifika kwenye barua ya Charles, muulize: "Ingekuwa wewe, ungeniambia?" Halafu unyamaze usikilize. Akijibu "nisingekuambia", usikasirike. Umepata habari kubwa ambayo Regina hakuipata.

Na baba, ukiisoma makala hii, hakuna anayesema usimlinde binti yako. Zakaria alidhani anamlinda. Kisome chote, si kurasa tatu, kisha uamue.

Kitabu hiki kinamalizika kwa mtu kujiua, na huenda kikamgusa vibaya msomaji ambaye naye anapita mahali pagumu. Rosa hakuwa na wa kumwambia. Wewe unaye. Mtoto au mzazi anaweza kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo, kutoka mtandao wowote. Katika vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na ukimwona binti, awe wako au wa jirani, amekuwa kimya kupita kawaida, anagawa vitu vyake au anasema amechoka kuishi, usimwache peke yake na usimhubirie. Kaa naye, muulize, mpeleke kituo cha afya.

Tulipomaliza kuandika makala hii tulimpigia yule mama kumuuliza hali. Alicheka. Alisema kitabu kimetoka kabatini, ila binti bado hajakipata, kwa sababu baba yake anakisoma yeye kwanza, jioni, nje, kwa mwanga wa simu. Amefika Morogoro.

Jumatano ijayo katika kipindi cha vitabu tutaendelea na mjadala huu, na swali la wiki litakuwa hili: je, Charles alikuwa na haki ya kumwacha Rosa? Tunawaomba hasa akina baba mpige simu.